Aliyeumizwa, avoka wake, na sisi kanisa



Siku ya yenga, wakati majina ya wagonjwa yanaposomwa katika parokia zetu, tunasikia mara nyingi maneno yaleyale: alianguka na moto, aligongwa na lori, alipigwa na chuma kwenye kazi. Kanisa linatoa sadaka ya kulipa hospitali, wamama wanapeleka chakula, wazee wanaomba. Hayo yote ni mema na tusiyaache. Lakini ni mara chache tunasikia mtu akiuliza: gari lile lilikuwa na asiransi? Polisi waliandika nini? Muganga alitoa sertifika? Tunapokuja kuuliza, miezi sita imepita, shofere amehama, na mashahidi wamesahau hata rangi ya gari.

Ndugu mmoja wa parokia yetu alivunjika mguu akiwa amepanda moto iliyogongwa na lori la mizigo. Siku ya tatu, akiwa bado kitandani, mtu wa mwenye lori alifika na dola 150 na karatasi iliyoandikwa tayari. Shemasi wetu alikuwapo, na tunasema hili kwa haya, kwa sababu ni yeye aliyemshauri atie sahihi: "Ndugu, amani ni bora." Karatasi ilisema kwamba mgonjwa amepokea malipo yote na hatadai kitu tena. Mwezi wa nne mfupa ulikuwa haujashikana, muganga akasema lazima kupasua mara ya pili na kuweka chuma. Bei yake ilizidi dola 150 mara nyingi. Hapo ndipo alipomtafuta avoka, na neno la kwanza la avoka lilikuwa: "Kwa nini mmekuja baada ya sahihi, hamkuja mbele yake?"

Tangu hapo tumeongea na mawakili kadhaa walio washirika wetu, na na watu walioumizwa ambao walipitia njia ile. Tuliyoyasikia yanatuonyesha kwamba kesi nyingi za fidia zinaharibika kwa sababu mbili. Moja ni tribinali zetu na hali ya nchi, na ile kila mtu anaijua. Ya pili ni namna tunavyofanya kazi na avoka, na hii hatuiongei.

Kwanza tumalize swali linaloulizwa kila mara: je, Mkristo anaruhusiwa kudai? Wengine wanatupa mbele yetu barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 6. Paulo pale anawagombeza ndugu wa kanisa moja wanaopelekana mbele ya waamuzi wa nje. Hakuwa anaongea juu ya mwenye lori ambaye hakuwahi hata kuja kuona mgonjwa. Paulo huyohuyo, haki yake ilipochezewa, alidai kesi yake isikilizwe na Kaisari. Na sheria ya Musa, katika Kutoka sura ya 21, ilimlazimisha aliyemuumiza mwenzake amlipie siku alizopoteza bila kufanya kazi na amgharamie mpaka apone. Kwa maoni yetu swali hilo limekwisha. Ikiwa aliyekosa ni ndugu wa kanisa, wazee wakae nao kwanza. Lakini hata mapatano ya wazee yasiandikwe kabla muganga hajasema ugonjwa unaelekea wapi.

Sheria ya nchi yetu inasema wazi. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, ambacho kinatoka katika amri ya mwaka 1888, kifungu cha 258, kinaamuru kwamba anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake airekebishe. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba bwana wa kazi anajibu kwa makosa ambayo mtumishi wake anayafanya akiwa kazini. Maana yake ni kubwa kwa watu wetu: dereva asiye na kitu hayuko peke yake, mwenye lori naye anatafutwa. Tena tangu sheria ya mwaka 1973, kila gari linalotembea linapaswa kuwa na asiransi ya kulipa wale litakaowaumiza. Zamani ilikuwa SONAS peke yake; sheria ya tarehe 17 mwezi wa 3 mwaka 2015 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine. Kwa hiyo leo haitoshi kusema "asiransi italipa". Ni asiransi gani? Ile karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele ina jina la kampuni, namba na tarehe. Mtu mwenye simu aipige picha palepale, pamoja na namba ya gari. Tunajua pia kwamba moto nyingi za mitaani hazina asiransi yoyote. Hapo avoka mwema atakuambia ukweli mchungu: unaweza kushinda na usipate.

Sasa juu ya avoka mwenyewe. Watu wetu wanamwendea kama wanavyomwendea mganga wa kienyeji: wanamwachia kila kitu na kungojea muujiza, au wanamficha mambo ili wamwone kama anajua kweli. Njia zote mbili zinaharibu. Avoka hakuwapo barabarani. Anachojua ni kile unachomwambia na kile karatasi zinachosema.

Mambo tunayoficha ni yaleyale. Moto ilikuwa imebeba watu watatu. Mwendeshaji alikuwa amekunywa, na tulijua tulipopanda. Mgongo ulikuwa unauma tangu zamani, kabla ya ajali. Mama mmoja aliyezoea kubeba mizigo mizito mgongoni alificha habari hiyo ya mwisho. Upande wa pili ulileta karatasi za kituo cha afya, na muganga wao akaonyesha kwamba alitibiwa mgongo miaka miwili mbele ya ajali. Toka siku ile kila neno lake lilitiliwa shaka, hata mkono uliovunjika ambao kila mtu aliuona. Avoka wake alituambia: "Angeniambia, ningesema mwenyewe mbele ya jaji: ndiyo, mgongo uliuma, lakini alikuwa anafanya kazi, sasa hawezi." Ukweli ule ungemsaidia. Kilichomwangusha ni kuuficha. Na avoka amefungwa na siri ya kazi yake. Unachomwambia ofisini hawezi kukitangaza sokoni. Kwa hiyo mwambieni yote, hata yale yanayowapa haya.

Jambo la namna hii tumeliona mpaka La Haye. Katika kesi ya Thomas Lubanga, hukumu ya tarehe 14 mwezi wa 3 mwaka 2012, majaji waliona kwamba baadhi ya watu wa katikati, waliowaunganisha mashahidi wa Ituri na wachunguzi, huenda waliwasukuma waseme uongo. Baadhi ya waliokuwa wamekubaliwa kama wahanga waliondolewa katika kesi. Tunaandika hili kwa sababu katika mitaa yetu mtu wa katikati ni nani? Mara nyingi ni katekista, ni mzee wa kanisa, ni mwalimu. Mapenzi yake ni mema: anataka mwenzake apate. Anamfundisha aseme aliona kile ambacho alikisikia tu. Wazee wetu, msindikizeni mtu, mbebeeni karatasi, mkae naye kwenye benchi la tribinali. Lakini kinywani mwake msitie neno.

Karatasi nazo. Kesi ya Germain Katanga ilihusu shambulio la Bogoro la tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 2003. Watu 341 waliomba fidia. Majaji walisoma ombi la kila mtu, moja moja, na mwaka 2017 walikubali 297. Waliobaki hawakuonyesha ya kutosha. Kwa wale 297, kila mmoja alipewa dola 250 za alama, pamoja na misaada ya wote kama nyumba na masomo. Nyumba zilichomwa, karatasi zilichomwa ndani yake, na majaji walilijua hilo. Walikubali hata ushuhuda wa majirani na vyeti vya mashefu. Lakini hata ushuhuda unahitaji mtu wa kuukusanya mapema, mashahidi wakiwa hai.

Ajali ya Kituku ilitufundisha lilelile. Mwezi wa 10 mwaka 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari, pale Goma, watu wakiwa wanaitazama toka pwani. Makumi walikufa, na hesabu ya waliopanda ilibaki ya kubishaniwa. Familia inayotaka kudai inaulizwa swali la kwanza ambalo linachoma moyo: mnaonyesha namna gani kwamba mtoto wenu alikuwa ndani? Aliyemsindikiza bandarini, ujumbe wa simu alioutuma asubuhi, muuzaji wa tiketi aliyemwona, vyote hivi ni ushahidi. Andikeni majina na namba za simu juma lilelile.

Kwa aliyeumizwa mwenyewe, avoka atahitaji nakala ya yale polisi waliyoandika, sertifika ya muganga yenye tarehe, picha za radio, na kila fakture: ya hospitali, ya dawa, ya moto iliyompeleka kufungwa upya kidonda, ya chakula cha mlinzi wa mgonjwa. Watu wetu wananunua dawa bila risiti, halafu mwaka unaofuata wanasema "nilitumia dola 800" na hakuna anayewaamini. Tumemwona mama muuza samaki aliyefanya vizuri kuliko wasomi wengi: alikuwa na daftari la shule, na kila siku mumewe aliyokosa kwenda kazi aliandika siku na kile alichokuwa akileta nyumbani. Avoka wake alilitoa lile daftari mbele ya jaji, na mwenye gari hakuwa na la kujibu.

Tena, usikimbilie kufunga hesabu. Fidia haihesabu fakture za jana tu. Inahesabu kazi utakayoshindwa kesho, operesheni inayokuja, maumivu, ulemavu unaobaki. Hiyo ndiyo sababu avoka mara nyingine anakuambia ungoje mpaka muganga aseme kidonda kimetulia. Unafikiri anakuchelewesha. Muulize. Akiwa na sababu ataieleza kwa maneno unayoyafahamu. Asipoweza kuieleza mara ya tatu, hapo una haki ya kuhangaika.

Malipo ndiyo yanayoleta ugomvi mwingi. Wengi wanamwambia avoka: "Mimi sina kitu, tutagawana kitakachotoka." Kanuni za kazi yao kwetu zinakataza mapatano ambayo malipo yote ya avoka ni fungu la fidia tu. Kwa hiyo atawaomba kitu mwanzoni, na hilo peke yake si wizi. Lakini mapatano yaandikwe: kiasi gani kwa kazi yake, kiasi gani kwa gharama za tribinali, nini kitaongezwa kesi ikishinda. Kila feza unayompa, omba risiti. Tumesikia washirika wakisema kumwomba avoka risiti ni kumkosea heshima. Avoka mwenye heshima anaitoa mbele hujaiomba.

Asiye na feza kabisa asikate tamaa haraka. Sheria ya mwaka 1979 inayopanga kazi ya mawakili inataka kila baro iwe na ofisi ya mashauri ya bure kwa maskini. Chukua karatasi ya umaskini kwenye ofisi ya mambo ya jamii ya komini, na uende nayo huko. Kazi ya ofisi hizi si sawa mahali pote, tunakiri, na avoka wa bure mwenye kesi nyingi anahitaji kukumbushwa. Kumkumbusha kwa adabu kila juma mbili si kumsumbua. Kumpigia simu saa nne za usiku kila siku ni kumsumbua.

Mjihadhari pia na wale wanaozunguka kwenye mlango wa tribinali na hospitali, waliovaa koti na kubeba kifuko, wanaojiita "metre". Baro ina orodha ya mawakili wake. Kuuliza kama jina limo hakulipiwi kitu. Kuna mawakili wa baro, na kuna watetezi wa kortini ambao nao wanaruhusiwa, lakini mbele ya tribinali fulani tu. Na kuna wengine ambao si hawa wala wale.

Jambo moja linawaudhi mawakili kuliko yote, na kwa kweli tuliwaelewa. Avoka anaandika barua kwa asiransi, anangoja jibu, na kumbe mjomba wa mgonjwa amekwenda kisirisiri kwa mwenye gari kuomba "kitu kidogo cha chakula". Mwenye gari anampa dola 50 na kumtia sahihi. Siku ya kesi karatasi inatokea. Familia zetu ni kubwa, na kila mmoja anafikiri ana haki ya kuongea kwa jina la mgonjwa. Basi siku ya kwanza familia ikae na kuchagua mtu mmoja wa kuongea na avoka, na wengine wote wanyamaze. Mwenye gari akija na msaada wa hospitali, pokeeni, haikatazwi. Lakini kinachoandikwa ni "nimepokea kiasi hiki kwa ajili ya matunzo", na avoka aione karatasi kabla ya kalamu.

Kama parke inamshitaki dereva kwa kuumiza au kuua bila kukusudia, si lazima kufungua kesi nyingine peke yenu. Aliyeumizwa, au familia ya aliyekufa, wanaweza kuingia katika kesi ileile kama upande wa madai, yaani parti sivile, na jaji akaamua adhabu na fidia pamoja. Wengi wanakwenda kusikiliza kama watazamaji, dereva anahukumiwa, watu wanapiga makofi, na wanarudi nyumbani bila hata franka moja kwa kuwa hakuna aliyeomba kwa jina lao. Tena kupata hukumu na kupata feza ni mambo mawili. Ili hukumu itekelezwe kuna malipo ya hazina ya serikali yanayohesabiwa kwa asilimia ya kile jaji alichokubali, na wengi wanakwama pale. Muulizeni avoka habari hii mwanzoni, si mwishoni, ili parokia ijue itachanga nini na lini.

Haya yote tunayaandika tukijua tunaishi wapi. Tangu mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025 Goma, na mwezi wa 2 Bukavu, ziliingia mikononi mwa AFC/M23. Kazi ya tribinali za serikali ilikatika, mawakili na majaji wengi walihama, mabenki yakafungwa, na dosie za watu zikabaki ndani ya makabati. Aliyekuwa na kesi amepoteza njia katikati. Ushauri ambao mawakili wametupa ni wa kawaida kabisa: tafuta avoka wako alipo, muulize kwa maandishi kesi ilifika wapi, na kama hawezi kuendelea, nani anaishika. Omba nakala za dosie yako. Ni maisha yako yaliyo ndani yake. Piga picha kila karatasi na utume kwa ndugu aliye mji mwingine, maana simu nazo zinanyang'anywa. Na kabla ya kupeleka madai mbele ya mamlaka yoyote mpya, muulize kwanza hukumu yake itatambuliwa wapi, na na nani.

Wale walioumizwa na vita wenyewe wana njia nyingine, na huko nako maneno ni mengi kuliko feza. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022 mahakama ya kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na ndani yake milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa na kuumizwa. Sheria ya tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka huohuo ilianzisha FONAREV, mfuko wa kurekebisha wahanga, na kuupa asilimia 11 ya ushuru wa madini. Kwa Ituri, katika kesi ya Bosco Ntaganda, majaji mwaka 2023 walitaja dola milioni 31.3. Mtu anayelala chini ya hema akisikia mamilioni haya anafikiri yako njiani kesho. Hapo ndipo wanapotokea wenye orodha: lete dola 10, nitaandika jina lako. Fomu za mahakama ya La Haye haziuzwi, na wahanga waliokubaliwa wana mawakili ambao hawawalipi wenyewe. Kwa mifuko mingine, mtu akidai feza ulizeni ofisini, si barabarani. Wachungaji, msitangaze orodha yoyote madhabahuni kabla hamjajua imetoka wapi. Jina lenu ndilo linalowafanya watu watoe ile dola 10.

Ndugu yetu wa mguu bado hajamaliza. Avoka wake anasema karatasi aliyotia sahihi kitandani itawasumbua, lakini anataka kuonyesha kwamba siku ile hakuna aliyejua ukubwa wa jeraha, na kwamba mgonjwa alikuwa na homa kali. Kwa hiyo anatafuta muuguzi aliyekuwa zamu. Shemasi wetu amekubali kuja kusema yeye mwenyewe alivyomshauri, ingawa atasimama mbele ya watu. Dosie iko ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati la mchungaji, na nakala yake iko Butembo kwa dada wa mgonjwa.